Kofia Nyeupe Usinivishe Mimi

Kambini, Mitole
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mwanangu Somoe,

Amani iwe kwako, na kwa mama mdogo wako Tatu, na kwa wote wa nyumba hiyo ya Rasbura. Mimi ni mzima. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya rundo la mbao nyuma ya stoo, kwa kuwa leo hakuna kazi na wenzangu wamekwenda mtoni kufua. Dereva wetu, Mchopa, anateremka Lindi alasiri hii ili kesho apakie nondo. Ameniahidi atapita Rasbura kabla hujalala. Kesho alfajiri utakuwa ndani ya basi, nami nataka uondoke na jibu langu mkononi.

Mambo ya safari sitayagusa. Shuka, dawa, nani atakupokea Tabora, chakula gani usile njiani, yote hayo mama yako amekwambia kwa simu kutoka Milola mpaka salio limemwishia. Mimi nina lile swali lako la Alhamisi tu. Uliniuliza, nikasema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri, mama. Nilikuwa natafuta muda.

Ulisema hivi: "Baba, tawi hili jipya la kampuni huko Tabora wameniachia mimi. Kitu cha kwanza ninachotakiwa kufanya ni kuchagua msimamizi mkuu wa kazi. Nimezungumza na watu kadhaa, kila mmoja anajisifu. Nakutaka wewe."

Nikakuuliza, "Mimi niliyeishia darasa la tano?"

Ukasema, "Darasa la tano na umri wote huo kwenye madaraja. Mahesabu nitafanya mimi. Nataka mtu ninayemwamini. Na wewe upumzike kubeba mbao."

Jibu langu ni hapana. Naliandika hapa mapema ili usiwe unasoma huku unalitafuta. Lakini nikisema hapana peke yake nitakuwa nimekuachia kiti kitupu na nimekwenda zangu, kwa hiyo yaliyobaki ni sababu zangu, na yale niliyoyaona kwa wakubwa niliofanya kazi chini yao, wanavyopatikana na wanavyotengenezwa. Yachuje mwenyewe.

Kwanza ujue kwamba nilitaka. Ijumaa nilipotoka msikitini nilitembea kurudi kambini nikijiona kabisa nimesimama Tabora, kofia nyeupe ya wasimamizi kichwani, mikono nyuma, naonyesha kwa kidevu. Nilijiona jioni nakula na wewe. Miaka mingapi sijala na wewe isipokuwa Idi? Nilimpigia mama yako nimweleze, nikidhani atafurahi. Akacheka.

"Wewe Selemani? Ukamsimamie nani? Mbuzi watatu tu hapa wanakupanda kichwani."

Nikamwambia mtoto ameniomba mwenyewe. Ndipo akaacha kucheka. Akasema angependa niwe huko, ili usiwe peke yako katika nchi ya watu. Lakini akaongeza neno, nawe unajua mama yako anapoongeza neno. "Ila umkumbushe, kungwi hachaguliwi kwa kucheza ngoma vizuri."

Unajua kwetu. Mwanamke anaweza kuwa hodari wa ngoma kijiji kizima, watu wakamtunza, lakini siku ya kumkabidhi mwali hawamtazami miguu. Wanamtazama kama wanawali waliopita mikononi mwake wamekuwa watu. Na kabla hajakabidhiwa wa kwanza, amekaa misimu nyuma ya kungwi mkubwa, anasikiliza, anatumwa maji, anaachiwa kidogo kidogo. Mama yako alisema lile neno kwa utani, lakini lilinikaa, kwa kuwa mimi nilichaguliwa kwa kucheza ngoma vizuri.

Hadithi yenyewe unaijua. Uliisikia kwa Bakari, mtoto wa shangazi yangu, pale kwenye harusi ya kaka yako, akiisimulia huku watu wanashika mbavu. Aliisimulia sawa. Alichokiacha ni upande wangu, na upande wangu hauchekeshi sana.

Tulikuwa tunajenga makalavati barabara ya upande wa Liwale. Mimi nilikuwa fundi wa mbao, yule anayetengeneza maboksi ya kumwagia zege. Boksi langu lilikuwa halivuji. Nasema hivyo bila kujivuna, maana ndicho kitu kimoja duniani nilichojua kukifanya sawasawa. Siku moja mkuu wa mradi akaja, akasimama mbele ya boksi langu, akalipiga teke, akasema, "Selemani, kuanzia Jumatatu mafundi wote wako chini yako." Akanipa kofia nyeupe. Basi. Hakuna aliyenikalisha hata asubuhi moja akaniambia msimamizi anafanya nini na hafanyi nini. Nami sikuuliza, nikidhani ukiuliza watajua hujui.

Nilifanya makosa ya kila aina. Fundi akipiga msumari vibaya nilimnyang'anya nyundo nikapiga mwenyewe. Saa sita mchana mimi nilikuwa nimelowa jasho na mafundi wangu wamekaa kivulini wananitazama. Nikawaita wavivu. Hawakuwa wavivu, nilikuwa nimewanyima kazi.

Na kosa kubwa lilikuja kwa njia ya undugu. Habari ilipofika Milola kwamba Selemani ni mkubwa, watu wa nyumbani wakaanza kunikumbusha kwamba wao ni wa nyumbani. Nilihitaji mtu wa kusimamia mirunda, zile nguzo za miti zinazoegemezwa kwenye boksi lisifumuke. Ni kazi ya macho na ya kusema ukweli haraka. Nikamweka Bakari. Alikuwa na macho mazuri, sikatai. Lakini Bakari ni binamu yangu, na kwa hiyo ni mtani wangu. Unajua aliyofanya kwenye msiba wa babu yako, alivyojilaza mbele ya jeneza akidai deni la kuku. Tangu tuna akili zetu, mimi na Bakari hatujawahi kuambiana neno bila kulipaka kicheko. Nikimwambia umechelewa, anajibu amechelewa kwa sababu alikuwa anaoa mke wangu mdogo. Vibarua wanacheka. Mimi nacheka. Kesho yake anachelewa tena.

Siku ya kumwaga zege la ukuta, Bakari alipita nyuma ya boksi, akarudi, akasimama mbele yangu.

"Mkubwa, mrunda wa kona umeota kibiongo kama wewe. Ukimwagiwa zege utakwenda kulala."

Nikamjibu, "Kalale nao, mnafanana."

Watu wakacheka, tukamwaga. Mafundi husema zege halilali, ukishaanza humaliza, kwa hiyo mikono yote ilikuwa kazini mrunda uliposhindwa. Boksi lilifumuka upande mmoja na ukuta wote wa uji ule wa zege ukatoka. Kibarua mmoja alibanwa mguu. Alipona baada ya muda, namshukuru Mungu, lakini kila siku alipokuwa hospitali nilimpelekea chakula mwenyewe.

Mkuu wa mradi alituita wote wawili. Akamuuliza Bakari, "Uliona mrunda umepinda?"

"Niliona."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema."

"Ulisemaje?"

"Nilisema kama ninavyosema naye siku zote. Huyu ni mtani wangu, mzee. Nikimwambia jambo kwa adabu atadhani nimefiwa."

Somoe, sijawahi kusikia maneno ya kweli kuliko hayo. Alikuwa ameniambia. Mahali nilipomweka ndipo paliponizibisha masikio. Angekuwa mtu mwingine yeyote, hata mgeni nisiyempenda, ningekwenda kuutazama ule mrunda.

Nilirudisha kofia nikarudia nyundo. Watu walinionea huruma, lakini mimi nililala vizuri siku hiyo kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Na tangu hapo nimekuwa na tabia moja. Kila anapokuja mkubwa mpya mahali ninapofanya kazi, namtazama kama mtu anayetazama mchezo aliowahi kuucheza akashindwa.

Sasa utasema mimi na wewe hatuna utani. Ni kweli. Tuna kitu kigumu zaidi ya utani, tuna heshima. Fikiria asubuhi moja Tabora. Unafika kazini, unaniamkia shikamoo mbele ya vibarua, naitikia marahaba, na hiyo ni haki yangu. Hapo hapo unaona nguzo niliyoisimamia imekaa upande. Utaniambia nini, na kwa sauti gani? Mimi nakujua. Hutaniambia. Utazunguka nyuma yangu umwambie fundi mdogo airekebishe nikienda kuswali.

Nakumbuka mlango wa jiko la Milola. Nilikuja likizo nikautengeneza kwa fahari, nikaondoka. Ulikuwa unafungukia ndani, unagonga mafiga. Ulikuwa sekondari wakati ule, na mwaka mzima wewe na mama yako mliingia jikoni kwa ubavu kama kaa, na sufuria mikononi. Niliporudi ndipo mama yako akaniambia. Nikakuuliza kwa nini hukunipigia simu. Ukasema, "Baba, ulikuwa umeupenda sana." Hayo ni malezi mazuri, wala sikulaumu. Lakini daraja linapitwa na watu, na watu hawawezi kulipita kwa ubavu.

Kuna na wale watakaokuwa chini yangu. Hapa kambini nilimwambia mtu mmoja tu habari ya simu yako, mwenzangu wa chumba, Chitanda. Kesho yake asubuhi alinipisha kwenye foleni ya uji. "Pita, mkubwa. Nitengee kazi ya kukaa kivulini, mimi sichagui kivuli." Adhuhuri mpishi akaniuliza kama binti yangu anahitaji wapishi. Na hapo sijaajiriwa. Nikiwa kule kila mwenye shida na wewe angepitia kwangu, "Mzee, mwambie binti yako," na kila niliyemkaripia angesema anaringa kwa sababu ya mwanawe. Wewe ungekuwa mkuu wa tawi lenye milango miwili, na mlango wa nyuma ni baba yako.

Basi, hilo nimelimaliza. Nikueleze sasa nilichokiona kwa wengine.

Kabla sijaja hapa Mitole, kampuni nyingine niliyofanyia kazi ilileta mtu kutoka mbali, mwenye sifa nyingi. Alistahili sifa zake. Alijua kazi, alikuwa muungwana, hakupiga kelele. Alishindwa, na baada ya miezi michache akaondoka, na mimi naamini tulimwangusha sisi kwa adabu zetu. Unajua mtu wa huku anavyomfanyia mgeni. Mgeni haambiwi mchuzi umeharibika, anapakuliwa chakula kingine. Kokoto zilipochelewa tulimwambia ziko njiani. Mashine ilipokufa tulimwambia inapumzishwa. Methali inasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Sisi hatukumpa jembe, tulimwongezea wali. Alipogundua mambo yalivyo alidhani tumemficha makusudi ili aharibikiwe, akaacha kutuamini, na sisi tukaona ana dharau. Ofisi nayo ilikuwa imempa gari, nyumba na dereva, ikaona imemaliza. Haikumpa mtu hata mmoja wa kumwambia, "Bwana, wanaposema ziko njiani, maana yake hazijapakiwa."

Kwa hiyo ukimchukua mtu wa nje, usimwachie gari tu. Mpe mtu mmoja mwenyeji ambaye kazi yake, tangu wiki ya kwanza, ni kumpelekea habari mbaya, na watu wote wajue kwamba umemtuma wewe, asionekane msaliti.

Mkubwa wetu wa kwanza hapa Mitole alikuwa tofauti. Namzungumzia Injinia Mbawala, mzee mnene, Mngoni, anayependa chai. Chini yake alikuwa na mhandisi kijana, Farida, msichana wa rika lako. Farida alijua vitabu na alijua kazi pia, lakini kila jambo alimwangalia mzee usoni kwanza. Asubuhi ya siku kubwa ya kumwaga zege la nguzo ya kati, sote tumejipanga, Mbawala akachukua fimbo yake.

"Mimi nakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kunywa chai."

Farida akashtuka. "Chai gani, mzee? Leo tunamwaga zege."

"Ndiyo maana nakwenda leo."

Akaondoka kwa miguu. Hakuwa amefika mbali wingu likapanda kutoka bara, jeusi, lile la kukufanya uanue nguo. Farida alimwuliza kila mtu. Alinifikia hata mimi.

"Fundi, maboksi yako yatahimili mvua?"

Nikamwambia, "Maboksi yatahimili. Zege lenyewe likinyeshewa likiwa bichi, hilo sijui, hilo ni lako."

Alitembea ukingoni mwa mto, akarudi, akasema hatumwagi. Vibarua wakakaa chini. Wingu lile likasogea, likapita pembeni, likaenda kunyeshea mikorosho ya watu huko, hata tone halikutufikia. Jua likawaka siku nzima. Chitanda akaanza maneno yake, kwa sauti ya kusikika: "Zege tumelikosa, mvua tumeikosa, labda tukamwombe mwenyekiti na sisi chai." Farida alikuwa amesimama peke yake karibu na mashine, nami nikakukumbuka wewe.

Mbawala alirudi jioni. Alikuwa amejua, maana pale kwa mwenyekiti mashine zikiwaka zinasikika, na siku ile hazikusikika. Sote tukasogea, tunataka kuona atakavyomfanya. Alikaa juu ya mfuko wa saruji.

"Uliona nini?"

Farida akaeleza wingu, akaeleza upepo, akaeleza kwamba ukianza nguzo ile huwezi kusimama katikati.

"Kesho ukiona vile vile?"

Farida akafikiri. "Nitakuwa nimetafuta maturubai tangu jana yake. Nitamwaga."

"Basi tafuta maturubai," akasema mzee, akainuka kwenda kuoga.

Ni hayo tu. Hakumsifu wala hakumtetea, na hakuchukua uamuzi kutoka mkononi mwake ili kesho atoe yeye amri. Siku ile kampuni iliipoteza, na sina shaka huko ofisini Mbawala aliulizwa. Aliibeba yeye. Mimi nimewahi kulipa ada za shule, zako na za kaka zako, nikaijua ada ninapoiona. Ile siku iliyopotea ilikuwa ada ya Farida. Mimi nilipovishwa kofia hakuna aliyenilipia siku hata moja, ndiyo maana nililipa kwa mguu wa mtu.

Sasa Mbawala amehamishiwa mradi mwingine na daraja hili lipo kwa Farida. Hatukushangaa wala hatukumpokea kama mgeni, tulishamwona akikosea na kurekebisha mbele yetu. Ana hasira za asubuhi, hilo linatuchosha, lakini ukimwambia mrunda umepinda anakwenda kuutazama.

Kwa hiyo utakapokaa tena na hao wanaotaka nafasi, wasikuchoshe kwa waliyoyajenga. Kila mtu aliyepita barabarani siku hizi amejenga. Muulize mmoja mmoja, nani walijifunza kazi chini yako, na sasa wako wapi? Kisha nyamaza. Mwingine atakutajia mashine. Mwingine atakutajia majina ya wakubwa waliompenda. Ukimpata atakayekutajia fundi fulani, na msichana fulani wa vipimo, na jinsi walivyomsumbua mwanzoni, chukua namba za hao watu uwapigie. Usiwaulize kama alikuwa mzuri, watakwambia alikuwa mzuri, sisi hatusemi watu vibaya kwenye simu. Waulize mara ya mwisho walipompelekea habari mbaya alifanya nini.

Na kabla hujatafuta mbali, nina jambo moja. Mwaka jana ulinitajia kijana wa hapo ofisini kwenu Lindi, Rajabu. Ulisema kila mwanafunzi anayekuja kwa mafunzo anaishia mezani kwake, mpaka anakosa pa kuweka kikombe. Alhamisi kwenye simu uliwataja wote uliozungumza nao, na Rajabu hukumtaja. Nilikaa nikajiuliza. Nadhani ni kwa sababu hana maneno, hajui kujiuza. Mimi simjui. Pengine hafai kabisa, pengine ana sababu zake za kutotaka kutoka Lindi. Lakini mwite umuulize. Na kama ni yeye, ujue hatakuwa tayari. Hakuna aliye tayari. Itakubidi uwe na siku zako za kwenda kunywa chai huku roho inakudunda, na ubebe wewe maswali ya wakubwa wako.

Nimekuandikia kana kwamba wewe umeshakamilika na kazi ni kutengeneza wengine. Hapana, mama. Na wewe bado unatengenezwa, na unakokwenda hakuna Mbawala. Utakuwa mkubwa kabisa wa mahali pale na watu watakuogopa kidogo hata ukiwa mpole, kwa sababu wewe ndiye unayeajiri. Tafuta mtu wa kukwambia mlango unagonga mafiga. Siku atakapokwambia itakuuma. Usimjibu siku hiyo. Mjibu kesho yake, baada ya kwenda kutazama.

Kuhusu mimi usiwe na huzuni. Najua ulichokuwa unataka kunipa. Ulitaka mgongo huu upumzike, na ukaona njia uliyo nayo mkononi ni cheo. Pumziko langu liko Milola. Daraja hili likifika upande wa pili, narudi kwa mama yako. Mikorosho yetu imeachwa mpaka imeingiliana matawi, na nimechoka kulala chumba kimoja na Chitanda, anayeongea hata usingizini. Nikishatulia nitapanda basi nije nikutembelee kama baba wa mtu yeyote. Utaniweka kwenye kiti, nitakula, utanionyesha unachojenga, na nikiona kitu sikielewi nitakuuliza, maana sitakuwa na cha kusimamia. Hapo tutazungumza hata hayo ambayo simu haijawahi kutuachia.

Sijui kama nimekujibu vizuri. Ile hapana niliyokuandikia imenigharimu, lakini sijaijutia, na nimekaa hapa tangu tuliposwali adhuhuri nikiwa na furaha ambayo sikuitegemea. Mtoto wangu anapewa tawi zima, na jambo la kwanza linalomkosesha usingizi ni nani wa kusimama naye. Wengi niliowaona waliuliza kwanza ofisi iko wapi.

Nenda salama. Usiharakishe kukijaza kile kiti kwa sababu kinakutisha kikiwa kitupu. Ukishampata mtu wako, awe Rajabu au mwingine, nipigie unitajie jina lake na jina la mama yake. Nitamtaja yeye kwanza katika dua, kisha wewe. Akisimama vizuri yeye, nawe utapata kulala.

Ni mimi baba yako,
Selemani